Radoni na ubongo: tunasubiri nini kupima?

Wadau, siku hizi linasemwa sana hili la gesi ya radoni kuchangia Alzheimer na Parkinson. Wabongo wengi huku Marekani tunapanga vyumba vya chini ya ardhi maana kodi nafuu, kwa hiyo linatuhusu.

Radoni inatokana na urani iliyomo kwenye udongo na mawe. Haina rangi wala harufu, inapenya kwenye nyufa za sakafu. Desemba 1984 Stanley Watras, mhandisi wa kituo cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, alikuwa akiwasha ving'ora vya mionzi kila akiingia kazini. Kumbe mionzi alitoka nayo nyumbani!

Sasa tuwe wakweli. Kwa ubongo, tafiti zinaonyesha uhusiano tu, na uhusiano si uthibitisho. Kwa mapafu hakuna ubishi: radoni inasababisha kansa, na shirika la mazingira la Marekani, EPA, linakadiria vifo 21,000 kwa mwaka. Mvuta sigara ndiyo kabisa.

Hoja yangu: kwa nini tusubiri la ubongo liishe wakati la mapafu lilishaisha? Kipimo ni kilekile, na bei yake si ya kutisha. Ikifika pikokyuri 4 kwa lita, EPA inashauri nyumba irekebishwe, yaani bomba na feni vya kutolea gesi nje. Tatizo, majimbo mengi hayamlazimishi mwenye nyumba kupima. Mpangaji asipojipimia, nani atampimia?

Nawasilisha. Mliopima, leteni majibu.