Kinachotuzwa Ndicho Kinachozalishwa

Wengi wa wakaazi wa visiwa hivi hawafugi mbwa majumbani, na yumkini watashangaa kuona safu hii ikizungumzia mashindano ya mbwa wa Ulaya. Lakini jambo lenyewe si mbwa tu. Ni nguvu aliyo nayo mwamuzi anapotoa kikombe, na nguvu hiyo yamhusu kila mfugaji, na kila mkuu wa serikali mwenye dhamana ya mifugo.

Maonyesho ya mbwa ya kwanza kuandaliwa kwa utaratibu huko Uingereza yalifanyika Newcastle mwezi wa Juni, 1859. Walioshindanishwa ni mbwa wa windo wapatao 60, na tuzo ilikuwa bunduki. Tuzo hiyo yajieleza: mbwa alithaminiwa kwa kazi yake. Mwaka 1873 iliundwa Kennel Club, ikaanza kuandika vitabu vya nasaba. Mwaka 1877 watu wa New York wakaanzisha maonyesho ya Westminster, ambayo yangali yakiendelea. Na mwaka 1891 Charles Cruft, aliyewahi kuajiriwa na kampuni ya biskuti za mbwa, alifungua London maonyesho yenye jina lake. Malkia Victoria naye alipeleka mbwa wake. Tangu hapo kushinda Crufts kumekuwa fahari kubwa.

Hatubezi fahari hiyo. Mfugaji aliyeandika wazazi na mababu wa mnyama wake ana elimu asiyokuwa nayo yule anayetegemea kumbukumbu ya kichwani.

Hata hivyo, kadiri miaka ilivyopita, sura ilichukua mahali pa kazi. Pua fupi ilipowapendeza waamuzi, wafugaji walizalisha pua fupi zaidi, hata buldogi wengi wakawa wanapumua kwa taabu, na majike wengi wa aina hiyo hawazai ila kwa kupasuliwa. Kwa kuitafuta sura moja, wanyama wa damu moja walipandishwa wao kwa wao, na maradhi ya kurithi yakaota mizizi. Filamu iliyoonyeshwa na BBC mwaka 2008 iliyaweka hayo hadharani, na mwaka 2009 shirika hilo halikuyatangaza tena maonyesho ya Crufts. Mwaka 2012 madaktari wa mifugo walipowakagua washindi wa aina 15 zilizotiliwa shaka, washindi wa aina 6 walizuiwa kuendelea. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Limo pia fundisho lililotoka Afrika. Yupo mbwa mdogo wa windo wa Kongo, asiyebweka kama wengine, aitwaye basenji. Jina hilo lina asili katika neno letu "washenzi". Mbwa aliyepewa jina la dharau alionyeshwa Crufts mwaka 1937, watu wakasongamana kumtazama. Wafugaji wa ng'ambo walimzalisha kutokana na mbwa wachache mno, na maradhi ya figo na ya damu yakaenea. Mwaka 1990 Wamarekani walilazimika kukifungua kitabu chao cha nasaba ili kupokea mbwa wapya kutoka vijiji vya Kongo. Waliodharauliwa ndio waliokuwa na afya ya kuwaokoa waliotukuzwa.

Nasi tuna maonyesho yetu ya wakulima na wafugaji, yakiwemo ya Nane Nane. Tunawanasihi wakuu wanaohusika wazingatie mambo matatu. Kwanza, asipewe tuzo mnyama kwa unene au ugeni wake pekee. Upimwe uzazi wake, maziwa yake, na ustahimilivu wake wa maradhi na ukame. Pili, daktari wa mifugo awe na kauli ya mwisho kabla ya kikombe kutolewa. Tatu, lianzishwe daftari la nasaba la ng'ombe, mbuzi na kuku wetu wa kienyeji, kabla damu yao haijamezwa na mbegu za kigeni.

Hatupingi mbegu za kigeni. Maziwa mengi ni neema. Tunachopinga ni kuita "kienyeji" kwa maana ya duni. Mfugaji humtazama mwamuzi, na mwakani humletea kile alichokisifu mwaka huu. Basi waamuzi wetu wawe waangalifu katika kusifu.