Kisichowekwa Hakifufuki

Imekuwa desturi ya baadhi yetu tulio na elimu kukicheka kila kitu kisichopita mikononi mwetu. Mwaka huu nimekisikia kicheko cha namna hiyo mara nyingi, na kila mara sababu yake ilikuwa moja: mchezo wa Kijapani wa mashindano ya magari, uliokuwa umekufa, umefufuliwa, na vijana wetu wamefurahi. Wasomi wanauliza, kijana wa Ruvuma ana nini na barabara za Tokyo? Kusudi la makala haya ni kukipinga kicheko hicho, kisha kuwarudishia wachekaji lawama iliyo nzito kuliko ile waliyoitoa. Nami mwenyewe simo nje ya lawama hiyo.

Yafaa kwanza msomaji aujue mchezo wenyewe, maana mabishano juu ya kitu kisichojulikana ni kelele tu. Kwao Japani huitwa Shutokou Battle. Marekani ulienea kwa jina la Tokyo Xtreme Racer. Watengenezaji wake ni kampuni ya Genki. Ulianza mwaka 1994, ukapata sifa kubwa mwaka 1999 ulipotolewa kwa mashine ya Dreamcast, ukaendelea toleo baada ya toleo hata mwaka 2006, kisha ukanyamaza. Mwaka 2017 walijaribu kuurudisha katika simu, lakini haukudumu. Tarehe 23 Januari 2025 ulitokea tena katika kompyuta, ungali ukifanyiwa kazi, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo ukatolewa ukiwa kamili. Kimya chake kilikuwa kimepita miaka 18.

Uwanja wa mchezo huu ni barabara za juu za mwendo wa kasi za mji wa Tokyo, ambazo kipande chake cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1962, miaka miwili kabla ya Michezo ya Olimpiki kufanyika katika mji huo. Mchezaji huendesha usiku. Amwonapo mpinzani humfuata kwa nyuma na kumwashia taa. Hiyo ndiyo salamu yake, na ndiyo changamoto yake. Hapana mstari wa kumalizia. Kila dereva ana kipimo cha moyo wake, nacho hupungua kadiri anavyoachwa nyuma au anapogonga ukuta, kikiisha, ameshindwa. Wapinzani ni mamia, na kila mmoja ana lakabu yake, na habari fupi ya maisha yake. Wako hata wasiotokea barabarani ila masharti fulani yatimizwe, mithili ya wageni wa usiku katika hadithi za bibi zetu.

Mimi niliuona mchezo huu Madaba, katika Mkoa wa Ruvuma, penye barabara itokayo Makambako na Njombe kwenda Songea. Kando ya barabara hiyo palikuwa na kibanda cha mabati chenye televisheni mbili na mashine kuukuu za PlayStation 2, na ndani yake vijana walikuwa wakicheza toleo la mwaka 2001. Walikwisha pata habari kwa simu zao kuwa toleo jipya limetoka. Kibanda hakikuwa na kompyuta ya kuliendesha, lakini furaha yao haikupungua kwa hilo. Nje yalipita malori ya mahindi na ya makaa ya mawe, na kila lilipopita lori bati lilitetemeka. Kijana mmoja aliniamkia, akaniuliza kama barabara ile iliyo katika kioo ipo kweli duniani. Nikamjibu kuwa ipo. Akauliza tena, “Na hii yetu, mwalimu, imo katika mchezo gani?” Sikuwa na jibu. Nilijua pia kwamba lau angaliniuliza imo katika kitabu gani, ningalinyamaza vile vile.

Sasa nitazitazama hoja za wachekaji moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza ni ya ugeni. Wasema kuwa mchezo huu si wa kwetu. Ni kweli, si wa kwetu. Lakini gari lenyewe si la kwetu, wala neno gari, ambalo tulilipata kwa Wahindi, tukalipa ngeli, na leo hapana mtu alionaye kuwa geni. Magari mengi yapitayo Madaba yalianza maisha yake Japani, yakauzwa kwetu yakiwa yametumika, na usukani wake uko kulia kwa sababu Wajapani nao hupita kushoto kama sisi. Subaru aionayo kijana katika kioo ndiyo Subaru aionayo penye kituo cha mafuta. Basi ugeni uko wapi? Kijana amekutana na kitu anachokijua, kikiwa kimepewa heshima ambayo hakupata kuiona kikipewa hapa.

Hoja ya pili ni ya utoto. Wasema kuwa mchezo si kazi ya watu wazima, wala si jambo la jarida kama hili. Nashangaa kuisikia hoja hii katika vinywa vya watu wa fasihi. Bao ni mchezo, na hapana mzee wa pwani atakayekubali kuambiwa kuwa ni utoto. Ushairi wetu nao umekulia katika mashindano: malenga humtupia mwenzake fumbo, na mwenzake hulifumbua au hukiri kushindwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walijibizana kwa beti wakati miji yao ilipokuwa katika uhasama, na leo beti hizo twazifundisha katika vyuo vikuu. Dereva wa usiku amwashiaye mpinzani taa, akangoja kuona kama ataitikia, amefanya jambo ambalo malenga angelitambua mara moja. Simwiti mtengenezaji wa mchezo malenga. Nasema tu kwamba mtu aliyesoma majibizano ya washairi hana ruhusa ya kujifanya haelewi furaha ya kijana yule.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami sitaipita kwa haraka. Wasema kuwa mchezo huu hufundisha mwendo wa kuua. Kaskazini ya Madaba, njia ya Njombe, upo mlima wa Lukumburu, na kila dereva wa njia hii anazijua kona zake kwa hofu. Watu wamekufa barabarani hapa, na wafiwa wao wapo. Mtu aliyemzika ndugu yake hawezi kuambiwa acheke na mashindano ya magari. Nakubali kuwa mchezo huu una uongo mmoja mkubwa ndani yake: barabara yake haina mwendaji kwa miguu, haina mtoto avukaye, na gari ligongapo ukuta hupoteza nguvu tu, wala halipotezi uhai wa mtu. Lakini, ndugu zangu, uongo huo utasahihishwa na nani? Kibao cha mwendo wa 50 kilicho mwanzo wa kijiji humwamuru dereva, wala hakimwelezi kitu. Hutuba nayo husikiwa na kusahauliwa. Kifo cha barabarani hueleweka kwa hadithi, na kazi ya hadithi ni yetu sisi. Ikiwa kijana wa Madaba amepata habari za mwendo kutoka Tokyo bila ya kupata habari za msiba kutoka Lukumburu, kosa si la Tokyo. Tokyo ilifanya kazi yake. Lukumburu haikupata mwandishi.

Hapa ndipo niwageukiapo wachekaji. Wamekwisha jiuliza kwa nini mchezo huo umeweza kufufuka? Kitu hufufuka ikiwa kiliwekwa. Wajapani waliichukua barabara yao wenyewe, mzingo wake wa ndani wenye urefu wa kama kilomita 15, njia yake ya pwani, mahandaki yake na maungio yake, wakaviweka vyote kwa majina yake. Hawakubuni mji usiokuwapo. Hawakuogopa kuwa mtu wa mbali hatazijua njia zao. Walimwachia azijifunze, naye akajifunza. Miaka 18 ikapita, na watu wa mataifa mengi wangali wakizikumbuka kona ambazo hawajapata kuzikanyaga. Na mchezo uliporudi, haukurudi kwa sura ya michezo mingine ili upendeze soko. Taa bado ndiyo salamu, kipimo cha moyo bado kipo, usiku bado ni ule ule. Huko ndiko kufufua. Kuvika maiti nguo mpya ni jambo jingine.

Sisi nasi tulikuwa na mashindano yetu, ya kweli, si ya kioo. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, nayo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Jina lilikuwa la Kiswahili, na ulimwengu mzima ukalitamka. Joginder Singh wa Kenya aliyashinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, aliyashinda mara tano, kwa magari ya Datsun. Na mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Tanzania, katika gari la Peugeot 404. Nimewauliza wanafunzi wangu jina hilo, wasilijue. Nimewauliza walimu wenzangu, nao wakadhani nawatega.

Katikati ya miaka ya 1970 Safari ilibaki ya Kenya peke yake. Baada ya mwaka 2002 ikatoka katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwaka 2021 ikarudi, huko Naivasha, na mwaka 2022 magari manne ya kwanza kufika yote yalikuwa ya Toyota. Ndugu zetu wa Kenya wamefanya vizuri, nami nawapongeza kwa moyo mweupe. Lakini kilichorudi ni fungu lao. Fungu letu halikurudi, wala hapana aliyeuliza liko wapi, kwa kuwa hatukuliweka mahali pa kuulizia. Mtu hawezi kudai urithi ambao hakuwahi kuuandika jina.

Wala si mashindano peke yake. Barabara hii ya Makambako na Songea ilitiwa lami katika miaka ya 1980. Kabla ya hapo mvua za masika ziliweza kumkalisha msafiri njiani siku nyingi katika matope. Wako wazee wa Gumbiro na Mtyangimbole waliosukuma magari katika matope hayo. Wako utingo waliolala juu ya magunia, na mama waliowapikia. Kisha ukaja wakati ambapo mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku kwa ajili ya usalama, katazo lililodumu karibu miaka 30 mpaka lilipoondolewa mwaka 2023. Tafakari, msomaji: kizazi kizima kilizaliwa na kukua bila ya basi la usiku, kisha usiku ukarudishwa barabarani. Wajapani wametengeneza mchezo mzima kwa usiku wa barabara yao. Sisi usiku wetu uliondoka ukarudi, na katika makala za fasihi nizisomazo sikuona mtu aliyeupokea.

Nasikia mtu akisema kuwa hatuna fedha za kutengeneza michezo ya kompyuta. Sikuomba michezo ya kompyuta. Daftari na kalamu zina bei gani? Lakabu za madereva wa njia ya Songea hazigharimu kitu kuzikusanya. Maneno yaliyoandikwa nyuma ya malori, mengine ya hekima na mengine ya kejeli, yanapita mbele ya macho yetu kila siku bila ya mtu kuyanakili. Kila kona ina jina alilopewa na utingo, na nyuma ya jina kuna kisa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi aendaye utafitini hutafuta kizee mwenye ngano za sungura na fisi. Ni vyema, naye aendelee. Lakini apandapo basi kumfuata kizee huyo, dereva aliye mbele yake ni hazina nyingine, na aghalabu mwanafunzi hulala usingizi mpaka afike.

Kwa hiyo nawaomba wasomi wenzangu waache kumcheka kijana wa kibandani. Yeye ametenda haki: amekiona kitu kilichofanywa kwa bidii, akakipenda. Ametuuliza swali la halali kabisa, imo wapi ya kwetu, nasi tukamjibu kwa dharau ili tusione haya. Swali lake halitakwisha kwa kufunga vibanda wala kwa kukaripia vijana. Litakwisha siku atakapofungua kitabu akakutana na Lukumburu, na utingo, na matope, na basi la usiku, na wale wasiofika.

Michezo ya wengine itakufa na kufufuka mara nyingi bado. Hilo ni lao. Letu ni kuhakikisha kwamba watakaokuja miaka 18 tangu leo, wakitaka kufufua kitu cha Madaba, watakikuta kimewekwa.