Saa iliyojaribiwa bila mkono wa mtu

Juma lililopita aliketi katika chumba changu cha kazi kijana mmoja anayesomea mambo ya tarakilishi katika chuo kikuu cha huku kwetu. Hakuwa mgonjwa. Alifungua tarakilishi yake juu ya meza, kando ya mashine ya kupimia presha, na kwenye kioo pakatokea picha ya saa ya mkononi, ya mviringo, ikionyesha mpigo wa moyo: 72 kwa dakika. Akabonyeza, namba ikapanda hadi 110, kisha 140. Saa ikalia na kuandika kwamba mwenye kuivaa apumzike.

"Moyo wa nani huu?" nikamuuliza.

"Si wa mtu, daktari. Hizo namba nimeziandika mimi."

"Na saa yenyewe iko wapi?"

"Sina saa. Saa ni pesa, daktari."

Nilicheka. Baadaye, alipokwisha kwenda, nikaanza kuwaza juu ya jambo hilo kwa makini, na ndiyo maana nakuandikia leo.

Kwanza nimwondolee kijana lawama. Alichokifanya si ulaghai. Kampuni zinazotengeneza mitambo ya saa hizi, kama Google na Apple, huwapa waandishi wa programu saa ya kuigiza, wao huiita emuleta, ambayo huishi ndani ya tarakilishi tu. Mwandishi huiamuru saa hiyo ijifanye imevaliwa na mtu anayetembea, anayekimbia au anayelala, nayo hutii. Kwa njia hiyo kijana wa Nchiru au wa Embu mjini, ambaye karo yenyewe inamtoa jasho, anaweza kuandika programu ya saa asiyowahi kuigusa. Mimi naliona hilo kuwa jambo jema. Laiti sisi tungejifunza kushona jeraha kwa urahisi namna hiyo!

Tena yako mambo ambayo saa ya kuigiza huyapima vizuri kuliko saa ya kweli. Je, maandishi yanaenea kwenye kioo kidogo? Je, kengele italia mpigo ukifika 190? Siwezi kumwomba mtu mzima apandishe moyo wake hadi 190 ili tuone kama kengele inafanya kazi. Katika tarakilishi hilo ni jambo la kubonyeza tu.

Lakini kuna swali moja ambalo saa ya kuigiza haiwezi kulijibu kamwe: je, namba yenyewe ni ya kweli?

Saa hizi husoma mpigo kwa mwanga. Ukiigeuza utaona taa ndogo za kijani mgongoni mwake. Damu hunyonya mwanga wa kijani, na kila moyo unapopiga, damu huongezeka kidogo kwenye ngozi, mwanga unaorudi hupungua, na jicho dogo la saa huhesabu kupungua huko. Basi, saa haiuoni moyo. Inaona mwanga uliorudi, halafu inakisia. Mimi niliichukua saa moja ya bei nafuu ya mgonjwa wangu, kwa ruhusa yake, nikaivisha ndizi mbivu iliyokuwa mezani. Baada ya sekunde chache ikasoma 81. Mgonjwa alicheka mpaka machozi, ingawa baadaye aliniuliza kwa sauti ya chini kama namba zake za miezi yote iliyopita zilikuwa zake au za ndizi.

Sasa fikiria mikono ya watu wetu. Mchuma chai wa Imenti Kusini au wa Runyenjes huanza kazi alfajiri kukiwa na baridi na umande. Baridi hubana mishipa ya ngozi, damu inayofika kwenye kifundo hupungua, na mwanga hauna cha kusoma. Isitoshe, mikono yake huenda na kurudi kwa mdundo mmoja saa nzima, na saa inaweza kuuchukua mdundo wa mikono ikadhani ni wa moyo. Emuleta haichumi chai.

Wala haitafuni miraa. Hapa nitakaa kidogo, maana ni jambo letu. Majani ya miraa ya Igembe, na muguka wa Mbeere, yana kathinoni, dawa inayouchochea mwili. Huongeza kasi ya moyo na kupandisha presha. Mtu aliyekaa kitako akitafuna jioni kule Maua anaweza kuwa na mpigo ambao programu iliyoandikwa kwa ajili ya watu wasiojua miraa ingeuita mazoezi, au wasiwasi, au ugonjwa. Na kosa la upande wa pili ni baya zaidi: mwandishi aliyechoshwa na kengele nyingi huipandisha kiwango ili inyamaze, na siku moyo utakapokuwa na kasoro ya kweli, itanyamaza vilevile. Kiwango hicho hakiwezi kuwekwa na mtu aliye peke yake na tarakilishi. Lazima aende kwa watafunaji.

Kuna na suala la rangi ya ngozi. Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti kutoka Marekani juu ya vifaa vya kidoleni vya kupimia oksijeni, ambavyo pia hutumia mwanga. Upungufu mkubwa wa oksijeni ulifichwa na kifaa kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Hivyo vilikuwa vifaa vya hospitali. Saa nyingi siku hizi hudai kupima oksijeni kwa njia ya namna hiyo. Amua mwenyewe utaziamini kiasi gani.

Utaniuliza, daktari, madhara yako wapi? Si ni kitu cha kujifurahisha tu?

Mama mmoja aliletwa kwangu na bintiye, kichwa kikimgonga na macho yakiona giza. Presha yake ilikuwa 196 kwa 112. Alikuwa ameacha vidonge majuma sita. "Saa aliyoniletea mwanangu ilisema niko sawa, daktari," akasema, akaninyoshea mkono nione. Saa ilisoma 121 kwa 79. Tulimvika tena mara tatu, naye akisubiri dawa ifanye kazi, na kila mara saa ilisema kitu kisichopita 125. Sijui aliyeandika programu ile aliijaribu kwa nani. Nadhani kwa mtu mwenye afya njema, kama si kwa ndizi.

Na hayakuanzia kwetu. Kati ya 2014 na 2015 iliuzwa Marekani programu ya simu iliyoitwa Instant Blood Pressure, iliyodai kupima presha bila mkanda wa mkononi. Madaktari walipoijaribu kwa watu 85 na kuchapisha matokeo mwaka 2016, ilibainika kwamba kati ya watu kumi wenye presha ya juu, karibu wanane waliambiwa wako salama. Desemba mwaka huo Tume ya Biashara ya Marekani ilimaliza kesi yake na kampuni iliyoiuza, na madai yale yakapigwa marufuku. Februari 2024 idara ya dawa ya nchi hiyo hiyo iliwaonya watu wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi, kwa kuwa haikuwa imeidhinisha hata moja. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kwa kufuata namba ya uongo anaweza kufa usiku huohuo.

Hapa Kenya uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu hawajawahi kupimwa maishani. Kwa hiyo sitaki vijana hawa waache kazi yao. Tunawahitaji sana. Ninachotaka ni vyuo vyetu viwe na kabati la saa za kuazima, kama vile maktaba ilivyo na vitabu, saa kumi tu za aina mbalimbali, na hospitali zetu za Meru na Embu ziwafungulie mlango wafike na saa hizo kliniki ya presha, wakiwa na kibali cha kamati ya maadili na cha NACOSTI, na idhini ya mgonjwa mwenyewe. Namba za moyo wa mtu ni siri yake, na sheria ya 2019 ya kulinda data inasema hivyo. Mashine ya presha ya mkanda, kabla haijakubaliwa na wataalamu duniani, hujaribiwa kwa watu wasiopungua 85 huku ikilinganishwa na masikio ya wapimaji waliofunzwa. Kwa nini saa isamehewe?

Nawe msomaji mwenye saa mkononi, usiitupe. Weka vidole viwili kwenye kifundo upande wa kidole gumba, hesabu mapigo dakika nzima ukiwa umetulia, ulinganishe na saa. Zikipishana sana, amini vidole. Kuhusu presha na sukari, nenda ukapimwe kwa mkanda na kwa tone la damu, na usiache dawa kwa sababu ya saa.

Kijana yule atarudi Alhamisi. Mwalimu wake amekubali kumwazima saa ya kweli. Tutaanza na mkono wake, halafu wangu, na mimi nitakuja na daftari.