Chenga hazitampa dogo wa Kibiti mkataba

Kibiti hakuna uwanja wa gofu, na shabiki wa Simba au Yanga pale Bungu hana habari na mchezo huo. Lakini gofu ina somo ambalo soka la Kibiti linalihitaji kuliko jezi mpya.

Kwenye mashindano ya PGA ya Marekani, wanakocheza walio bora duniani, mpira ukiwa mita mbili na nusu tu kutoka kwenye shimo, wachezaji hao hukosa karibu nusu ya mapigo. Nusu! Kumbe bingwa anakosa na anayehangaika anakosa. Tofauti iko kwenye pigo linalofuata. Mmoja bado ana hasira na lile lililopita, mwenzake ameshalisahau na anarudia kile alichokifanya mara elfu mazoezini.

Sasa njoo kwenye soka. Kila msimu kuna dogo wa Kibiti, Jaribu au visiwa vya delta anayepanda basi la barabara ya Kilwa kwenda Dar es Salaam kufanya majaribio. Wa delta anaanza na boti mpaka Nyamisati, tena kwa kuvizia maji. Kijijini ndiye mfalme: kanzu anapiga, tobo anapiga, mechi ya mbuzi hainogi bila yeye. Wiki mbili tu, karudi. Mtaani wanasema hakuwa na mtu wa kumshika mkono, au karogwa.

Kukosa mtu kupo, tusidanganyane. Lakini wengi wanajiangusha wenyewe. Dogo anapoteza mpira mmoja, kichwa chini, hakabi tena. Mguu wa kushoto ni wa kutembelea. Kipindi cha pili pumzi imekata, maana nyumbani mazoezi yake ni mechi, na mechi ni ya Jumapili. Kipaji kimemfikisha getini, basi.

Mbwana Samatta ametokea Mbagala, palepale basi la Kibiti linapopita. Alianzia African Lyon, akaenda Simba, na mwaka 2011 akatua TP Mazembe. Alisota Lubumbashi miaka minne kabla ya kubeba Ligi ya Mabingwa Afrika 2015 akiwa mfungaji bora kwa mabao saba. Januari 2016 akawa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Genk akafunga mabao 23 ya ligi msimu wa 2018/19 na kuchukua ubingwa wa Ubelgiji.

Kisha likaja pigo lililokosa shimo. Aston Villa alifika Januari 2020, akafunga hata Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi, halafu mabao yakakauka. Msimu uliofuata hakuwa tena Villa. Angeweza kurudi nyumbani akapokewa kwa ngoma. Badala yake alipita Fenerbahçe, Antwerp, Genk tena, kisha PAOK, ambako 2024 alibeba ubingwa wa Ugiriki. Samatta hatajwi kwa chenga. Anatajwa kwa kukimbia nyuma ya beki, na akikosa, anakimbia tena.

Hata hivyo, si haki mzigo wote kumtwisha dogo. UMISSETA ni ya siku chache, ikiisha imeisha. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba na nyumba Kibiti na Rufiji. Mwaka wa namna hiyo nani atamuuliza kijana habari za mazoezi? Mchezaji hajifunzi kusahau kosa la Jumamosi kama hana mechi ya maana Jumamosi ijayo. Chama cha soka cha wilaya na COREFA wanapaswa kuwapa vijana ligi ndefu, ya nyumbani na ugenini, yenye kocha anayeandika nani kakaba na nani kazubaa. Bonanza la mbuzi halimpimi mtu.

Na wazee wanaochangishana nauli ya majaribio wana sehemu yao. Kabla hawajatoa hata shilingi, wamuulize dogo swali moja: wiki hii mguu wa kushoto umepiga mara ngapi? Akianza kucheka, nauli irudi mfukoni kwanza.