Kadi ya SHA Unayo, Daktari wa Mama Je?



Mama ana sukari na presha, na sasa miguu imeanza kuvimba. Zahanati imemwambia akaonane na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, yule watu humwita fizishani. Nyumbani wewe ndiye mwenye simu ya maana, kwa hivyo kazi ya kumtafuta imekuangukia. Unapiga kliniki ya kwanza: "SHA hatuchukui." Ya pili: "Twachukua, lakini si kwa daktari huyo." Ya tatu: "Sistimu iko chini, jaribu wiki ijayo." Mwisho mnachanga pesa za mfukoni, ama mama anasema basi, ataendelea na dawa zile zile. Hapo kwenye "basi" ndipo figo za watu wetu wengi zinapopotelea.

Hebu tuelewane kwanza jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. SHA haiandikiani mkataba na daktari, inaandikiana na hospitali. Kwa hivyo ukiuliza "daktari fulani anachukua SHA?" utazungushwa. Uliza hivi: hospitali hii ina mkataba wa SHA unaofanya kazi leo? Mkataba wenyewe ni wa kulazwa tu, ama hata kliniki ya kuonana na bingwa na kurudi nyumbani umo? Vipimo na dawa je, vimo ama ni pesa taslimu? Hospitali inaweza kubandika nembo ya SHA mlangoni kwa sababu inalaza wagonjwa, na bado ikakulipisha kila shilingi ya kumuona fizishani. Uliza kabla ya kupanda matatu, na andika jina la aliyekujibu.

Tena, daktari huyo huyo ambaye kliniki yake ya mjini inataka maelfu, huenda yuko hospitali ya kaunti siku nyingine za wiki. Hospitali kubwa za umma, kama ile ya rufaa ya Pwani pale Makadara, huwa na siku maalum za kliniki za mabingwa. Pata barua ya rufaa kutoka zahanati ama kituo cha afya, kisha nenda mapema ukaulize siku ya kliniki ya magonjwa ya ndani. Foleni ni ndefu, hatukufichi. Lakini kati ya foleni na "basi" ya mama, bora foleni. Na ukitajiwa jina la bingwa usiyemjua, Baraza la Madaktari, KMPDC, lina orodha ya waliosajiliwa ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta kwenye intaneti. Kanzu nyeupe pekee si ushahidi.

Sasa pesa. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Asiye na mshahara, yaani mama mahamri, mvuvi, kijana wa boda, huulizwa maswali kuhusu nyumba na maisha yake, kisha mfumo unamkadiria. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini yeye hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600 kwenda juu. Aliyeajiriwa analipa kidogo kidogo, na anayeishi kwa kutwa ndiye anaambiwa alete ya mwaka! Mpango wa Lipa SHA Pole Pole ulikuja 2025 kupunguza uzito huo. Kabla hujaingia, uliza kama kuna nyongeza juu ya unachokopeshwa. Kwa Muislamu swali hilo si dogo, na una haki ya kujibiwa waziwazi.

Hata kama hujalipa, jisajili. Huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma hutoka kwenye mfuko mwingine, na sharti lake ni usajili tu. Bonyeza *147# na umalizane nayo leo, wewe na wazee. Lakini ule ujumbe wa namba za siri unaokuja kwa simu usimpe mtu ambaye hajamtibu mgonjwa wako. Mwaka 2025 serikali ilisimamisha hospitali kadhaa kwa madai ya kudai malipo ya matibabu hewa.

Kuna wenzetu ambao hata *147# haiwafai, manake hawana kitambulisho. Hili mnalijua: kijana wa Kiislamu wa Pwani au Kaskazini akiulizwa hati ya babu, ilhali wenzake wanachukua kadi zao na kwenda. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza mwisho wa msasa maalum kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Tangazo ni tangazo. Kama ofisi bado inakuzungusha, hilo si suala la kitambulisho pekee tena, ni mzazi wako kukosa matibabu. Lilete kwetu.

Na msitufanye tukaamini kwamba hii yote ni bahati mbaya ya mgonjwa mmoja mmoja. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya, na kinasema wazi kwamba asiyeweza kungoja, mwenye dharura, hafai kunyimwa matibabu. Afya ni kazi ya kaunti, na hospitali za kaunti ni zetu. Gavana wako anajua ana mafizishani wangapi. Wewe je, unajua? Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inakuruhusu kuandika barua, bila wakili na bila kueleza sababu, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Uliza mafizishani ni wangapi, wanakaa kliniki siku gani, na hospitali zipi za kaunti yako zina mkataba na SHA. Wasipojibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Misikiti nayo. Kila Ijumaa twasikia tangazo la mchango: fulani amelazwa, bili imefika laki kadhaa. Twatoa, alhamdulillah. Lakini hebu vijana wa msikiti wako waketi na kamati wapige hesabu: wajane na wazee kumi, kwa kiwango cha chini, ni shilingi 36,000 kwa mwaka mzima. Kama itatoka kwenye sadaka ama zaka, muulizeni imamu wenu.

Wiki hii tunakusanya jambo moja tu. Piga simu hospitali iliyo karibu nawe, uliza yale maswali, kisha tutumie inbox jina la hospitali, siku ya kliniki ya fizishani na walichokujibu kuhusu SHA. Jina la mgonjwa na ugonjwa wake usiweke, wala usiandike kwenye komenti.