SEHEMU YA 4: Ganzi ya mikono si baridi, mama

Mama unayefuma vitambaa na kudarizi kofia, leo ni zamu yako. Na leo sibembelezi mtu.

Unaamka usiku wa manane vidole vimekufa ganzi, unakung'uta mkono mpaka upate nafuu. Asubuhi unaambiwa, "Baridi hiyo." Mwingine anakwambia, "Ndo kazi, vumilia, mbona sisi tulifuma?" Jamani, tuache! Uvumilivu hautibu mshipa wa fahamu uliobanwa.

Angalia ni vidole vipi. Kama ni gumba, cha shahada na cha kati, halafu kidole kidogo kimesalimika, mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Ujauzito unajaza maji mwilini, nafasi pale inazidi kuwa finyu. Ukifuma saa nyingi mfululizo, kifundo kimekunjwa, unazidisha. Ukipuuza kwa muda mrefu, nyama ya chini ya gumba inasinyaa, vikombe vinakuponyoka. Na mtoto unamwogesha kwa mikono hiyo hiyo.

Usikimbilie diklofenaki ya dukani ukiwa na mimba. Kuanzia wiki ya 20, dawa za kundi hilo zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni. Uliza kliniki kwanza.

Shingo nayo? Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, kama mtoto wa miezi 2. Mtoto ukimbeba kifuani, unaweza. Mnyooshe mbele yako uone utadumu dakika ngapi! Ndivyo shingo inavyoteseka ukiinamia kitambaa mapajani.

Sasa fanya hivi:
- Egemea ukuta, weka mto mapajani, kazi ipande ifuate macho.
- Kaa penye mwanga.
- Kila nusu saa weka sindano chini, inuka, nyoosha vidole na mabega.
- Usiku lala kifundo kimenyooka. Hospitali wanaweza kukupa kifaa cha kukishikilia.
- Ganzi isipoisha, au mkono ukipoteza nguvu, nenda ukapimwe. Usisubiri oda iishe.

Na wewe baba unayesema "kazi ya kukaa tu", hela ya oda hizo unaila pia. Leo osha vyombo.

Kesho Sehemu ya 5: mgongo wakati wa kunyonyesha. Mtumie hii mama mmoja anayefuma.