Mufuko wa kulalia: nunua joto, usinunue rangi



Wageni wengi wanafikiri kwetu hakuna baridi, kwani tuko karibu na ekweta. Wewe unayekaa Kayna, Lubero ao Butembo unawacheka tu. Ekweta iko, lakini milima iko pia! Kila metre 1000 unazopanda, joto la hewa linapunguka karibu digrii 6. Ndiyo maana njia ya Ruwenzori inaanzia Mutwanga kwenye joto, na juu kabisa, metre 5109, unakuta barafu.

Vijana wanaotaka kulala mlimani wanajiuliza: tulale ndani ya nini? Na familia nyingi zilijiuliza vile vile njiani katika mwezi wa 6, 2024, wakati vita ilifika Kanyabayonga na Kayna.

Kwenye soko ya mitumba mifuko ya kulalia inapatikana mara moja moja. Mbele ya kutoa pesa, angalia mambo haya.

Kwanza, mufuko hauna moto ndani. Joto ni la mwili wako. Mufuko unalizuia tu lisitoroke. Ukiwa mukubwa kupita kiasi, unapasha hewa bure. Ukikubana, ile pamba inagandamana na baridi inapita.

Pili, soma etiketi. Mara nyingi mna digrii za namna tatu. Amini ile ya «confort». Ile ya «extrême» haisemi kwamba utalala vizuri. Inasema tu kwamba unaweza kuokoka, tena kwa hatari.

Tatu, uliza ndani mna nini. Manyoya ya bata ni mepesi na yana joto sana, lakini yakilowana hayasaidii. Huku kwetu mvua haikosi, basi uzi wa kiwandani ni afazali, hata kama ni muzito kidogo.

Ine, udongo unakula joto. Mufuko unaoulalia unagandamana chini ya mgongo wako. Tandika mukeka ao majani makavu ya ndizi, mengi.

Na sasa neno zito, wazazi musikie. Musiingize mbabula ndani ya hema ao chumba kilichofungwa. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mutu analala, haamuki tena. Jaza maji ya moto katika chupa inayofunga vizuri, uizungushie kitambaa, uiweke kwenye miguu. Vaa soksi kavu na kofia, na usilale na njaa.

Hauna pesa? Shona bulangeti mbili pande tatu, ulalie katikati. Safarini uzifunge ndani ya plastiki. Asubuhi uzianike kwa jua.

Na kama uko na mufuko wa zamani ambao haukusaidii tena, usiuachie panya. Karibu na wewe kuna mama aliyekimbia vita, na leo usiku mtoto wake atalala chini.